Kijiji kidogo cha Estonia baada ya 2017: nani kabaki na nini?

Bint_Konde

Asalaam alaykum wanajamvi. Namtafuta anayeijua Estonia kwa undani, si wa kusikia sikia.

Nalinganisha shehia zetu na vijiji vya kule kwa kazi ya darasa la utawala. Nimekichagua kijiji kimoja kisiwani Saaremaa, upande wa mashariki. Karatasi za zamani zinakiita Keskvere, ndani ya Pöide vald (vald ni baraza la mtaa la kule). Za sasa zinakiita Pöide-Keskvere, ndani ya Saaremaa vald. Nyumba ni zile zile na mkoa ni ule ule.

Sasa hiyo küla, yaani kijiji, ndiyo shehia? Nani aliamua vald ya zamani ife, na wanakijiji waliulizwa? Na mtu aliyelala Keskvere akaamka Pöide-Keskvere, kitambulisho, hati ya ardhi na kodi alikwenda kubadilisha wapi? Naomba mambo yenyewe. Habari ya kuwa "Estonia wana serikali ya mtandao" nishaisoma mara mia.

---

Mjongowe

Wa alaykum salaam bibie. Kwanza itoe shehia kichwani, itakupoteza. Shehia ni ngazi ya serikali: ina sheha, ina ofisi, ina muhuri. Küla haina hata kimoja katika hivyo. Ni jina la mahali na mpaka kwenye ramani, basi. Haina bajeti wala mtumishi, na haitungi kanuni. Estonia ina vijiji zaidi ya 4,000 vya namna hiyo, na vingi vina watu ishirini, thelathini, hamsini. Sisi Zanzibar nzima shehia ni 388 kwa watu 1,889,773 wa sensa ya 2022, na Estonia nzima ina watu kama milioni 1.3. Ukiweka shehia upande huu na küla upande ule kwenye jadweli moja, mwalimu atakurudishia karatasi.

Serikali ya mtaa kule ni vald, au linn ikiwa ni mji. Vald ina volikogu, yaani baraza la madiwani, linalochaguliwa kila miaka 4, Jumapili ya tatu ya Oktoba. Volikogu ndilo linalomchagua vallavanem, mkuu wa vald. Wananchi hawampigii kura moja kwa moja. Juu yake kuna maakond, mikoa 15, lakini tangu tarehe 1 Januari 2018 mkoa hauna serikali yake. Ofisi za wakuu wa mikoa zilifungwa, kazi zikagawiwa wizara, idara za serikali kuu na mabaraza. "Saare maakond" unayoiona kwenye anwani imebaki jina la eneo tu.

Kuhusu 2017. Mabaraza yalikuwa 213, na mengi yalikuwa madogo mno. Sheria inataka vald ya watu mia nane iwe na huduma zile zile za vald ya watu elfu ishirini: ustawi wa jamii, vibali vya ujenzi, skuli, barabara, maji. Matokeo yake ofisa mmoja anabeba kazi nne, na akiugua, vibali vya ujenzi vinangoja apone. Bunge lao, Riigikogu, likapitisha sheria ya mageuzi tarehe 7 Juni 2016: baraza liwe na watu wasiopungua 5,000. Mabaraza yaliachiwa hadi mwisho wa 2016 yatafutane yenyewe, na waliokubaliana walipewa ruzuku ya euro 100 kwa kila mkaazi, isiyopungua euro 300,000 wala kuzidi 800,000 kwa kila baraza lililoingia. Waliobaki, serikali kuu ikawaunganisha 2017. Uchaguzi ukafanyika tarehe 15 Oktoba 2017 na mabaraza yakabaki 79: vald 64 na miji 15.

Wanakijiji waliulizwa, ndiyo. Maoni ya wakaazi lazima yakusanywe, lakini hayaifungi volikogu. Inaweza kuyasoma na kupita njia nyingine. Mabaraza kadhaa yalikwenda mahakama ya juu kabisa, Riigikohus, ambayo iko Tartu. Hukumu ya tarehe 20 Desemba 2016 ilisema kiwango cha 5,000 hakivunji katiba. Kilichovunja ni kikomo cha euro 100,000 kilichowekwa kwenye fidia ya gharama za kuunganishwa kwa lazima. Hiyo ndiyo sehemu watu wengi wanaisahau: serikali ilishinda kwenye hoja kubwa, ikashindwa kwenye bili.

Kwa kisiwa chako, mabaraza 12 yaliunganishwa yakawa moja: mji wa Kuressaare pamoja na Kihelkonna, Laimjala, Leisi, Lääne-Saare, Mustjala, Orissaare, Pihtla, Pöide, Salme, Torgu na Valjala. Waliosalimika ni visiwa vidogo, maana sheria iliviachia: Muhu, Ruhnu, Kihnu, Vormsi. Ruhnu ina kijiji kimoja tu, watu waliosajiliwa hawafiki 200, na ni vald kamili yenye volikogu yake. Fikiria Kisiwa Panza kiwe na baraza lake la madiwani.

---

Maalim_Kiuyu

Nachukua suala la jina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapobuni majibu.

Sheria yao ya majina ya mahali hairuhusu makaazi mawili ndani ya vald moja kuwa na jina moja. Keskvere zilikuwa mbili kisiwani, moja Pöide na moja Lääne-Saare. Zikiwa kwenye vald mbalimbali hapakuwa na neno, kwani jina la vald ndilo lililokuwa likizitenganisha. Mabaraza yalipounganishwa kitenganishi kikaondoka. Mtu akipiga 112 akasema "niko Keskvere, Saaremaa vald, baba kaanguka," gari ya wagonjwa iende wapi? Kwa hiyo moja ikaongezewa jina la vald yake ya zamani mbele, kwa kistari: Pöide-Keskvere. Nyingine ikabaki Keskvere. Kihelkonna-Liiva nayo ilipatikana kwa njia hiyo hiyo, baada ya Liiva kuwa zaidi ya moja.

Utaratibu wake ni huu. Baraza linatafuta majina yanayogongana kabla ya kuunganishwa rasmi. Linawaomba wanakijiji wapendekeze jina. Kuna chombo cha kitaifa cha majina, Kohanimenõukogu, kinachotoa ushauri kama jina lina mizizi ya hapo au limetungwa tu. Kisha linaingia kwenye orodha ya kitaifa ya makaazi, na kutoka hapo kwenye mfumo wa anwani. Ugomvi huwa ni nani abaki na jina bila kiambishi, kwani kila kijiji kinajiona ndicho cha asili. Na kiambishi hakipendwi, kinaonekana kama viraka. Binafsi naona kimefanya jambo moja zuri: jina la Pöide, ambalo kiutawala limekufa, linaendelea kutajwa kila siku.

Anwani ya shamba itasomeka hivi (jina la shamba ni mfano tu):

Mäe, Pöide-Keskvere küla, Saaremaa vald, Saare maakond

Mashamba huko yana majina, na mara nyingi hakuna nambari ya nyumba wala mtaa. "Mäe" ni kama kusema "pa kilimani". Ndani ya küla moja jina la shamba nalo lisijirudie. Ukiisoma anwani kutoka kulia kwenda kushoto unatoka eneo kubwa kwenda dogo, na utaona mageuzi yaligusa vipande viwili vya katikati tu.

Kitambulisho hakikubadilishwa, kwa sababu kadi ya Estonia haina anwani. Ina jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya mtu yenye tarakimu 11. Anwani iko kwenye daftari la wakaazi, na daftari la ardhi linachukua anwani kutoka mfumo ule ule. Kikibadilishwa sehemu moja, madaftari ya serikali yanasomana. Mwenye nyumba hakupanga foleni popote. Kilichomsumbua ni vile visivyounganishwa: ramani ya zamani ndani ya gari, duka la mtandaoni lililohifadhi anwani ya zamani, kibao cha njiani chenye jina la zamani.

---

Bint_Konde

Nimefaidika sana. Sasa hapa kwetu nikitaka kuthibitisha ukaazi naanza kwa sheha, naandikiwa barua. Kule, kama külavanem, yaani mzee wa kijiji, hana muhuri, nani anathibitisha kuwa mimi ni mkaazi wa kijiji?

---

Karafuu_Kavu

Hakuna barua dada'angu. Ukihamia, wewe mwenyewe unapeleka taarifa ya makaazi, elukohateade, mtandaoni kwa kadi yako au kwa karatasi kwenye ofisi ya vald. Kama nyumba si yako, ambatisha mkataba wa kupanga au idhini ya mwenye nyumba. Hapo ndipo maombi mengi yanapokwama: mtu anaishi kwa shangazi, shangazi ndiye mwenye nyumba kwenye daftari, na idhini ya shangazi haikuambatishwa.

Usilidharau daftari hili, ndilo linalolisha vald. Sehemu ya kodi ya mapato ya mtu inakwenda kwenye baraza alikosajiliwa tarehe 1 Januari, kwa mwaka mzima. Ukihamia tarehe 3 Januari, baraza lako jipya litangoja hadi mwaka ujao. Ndiyo maana kila Desemba mabaraza ya shamba yanawabembeleza watu wajisajili kabla ya mwaka kugeuka. Kodi ya ardhi ni mbali: hiyo inafuata kiwanja na yote inaingia kwenye baraza la mahali kiwanja kilipo.

Sasa angalia kijiji cha pwani kama chako. Nyumba nyingi ni za watu wanaokuja majira ya joto. Wamesajiliwa Tallinn, na Tallinn tangu 1 Januari 2013 inawapa waliosajiliwa kwake usafiri wa mjini bila nauli, kwa hiyo hawana haraka ya kujiondoa. Baraza la kisiwani linapata kodi ya kiwanja tu, halafu linatakiwa liisafishe barabara ya kwenda kwenye nyumba hiyo. Kijiji chenye nyumba 30 zinazotumika kinaweza kuonekana kwenye daftari kina watu 15. Ukitumia idadi ya wakaazi kwenye kazi yako, sema ni ya daftari au ya sensa, maana hazifanani.

Kura nayo inafuata daftari hilo hilo. Tangu 2017 wa miaka 16 wanapiga kura ya mabaraza, na kura ya intaneti ipo tangu uchaguzi wa mabaraza wa 2005. Ukiipiga kwa intaneti unaweza kuibadilisha, inahesabiwa ya mwisho, na ya karatasi inaifuta ya intaneti.

---

Chwaka_Mashariki

Wamesema ya ofisini, mimi nasema ya barabarani, maana mwanakijiji anaijua serikali yake hapo.

Barabara za kijijini ni za aina tatu: ya serikali kuu, ya vald, na ya mtu binafsi. Ya binafsi utaiona kibao kimeandikwa "Eratee". Lami inaishia kwenye ya serikali kuu, kisha changarawe ya vald, halafu mita mia mbili tatu za mwisho hadi mlangoni ni za mwenyewe. Theluji ikianguka, kila kipande kina mwenye dhamana yake. Vald haina deni na kipande cha binafsi isipokuwa imekubali hivyo kwa kanuni au mkataba. Malalamiko ya kila mwaka ya "vald imetuacha" mara nyingi ni watu wawili kutofautiana kuhusu barabara ni ya nani.

Kazi yenyewe vald haifanyi. Inatoa zabuni, na mwenye trekta anafunga jembe la theluji mbele anapita. Vald ikiwa ndogo, mwenye trekta ni mkulima wa kijiji jirani na anajua bibi yupi ana miadi ya hospitali asubuhi. Vald ikikua, inavutiwa kufunga zabuni kwa vifungu vikubwa, kilomita nyingi kwa mkataba mmoja, na mwenye trekta moja hawezi kuingia. Anayeshinda anaanza na barabara za basi la skuli, halafu zenye nyumba nyingi. Kijiji cha mwisho wa njia kinafikiwa mchana. Dawa si kurudisha vald ya zamani, ni kuigawa zabuni kwa maeneo madogo na kuandika ndani ya mkataba saa ya mwisho ya kumaliza kila njia.

Kipupwe kikiisha mambo hayajesha. Theluji ikiyeyuka juu na ardhi chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda na changarawe inakuwa uji. Kama barabara ya udongo ya Micheweni katikati ya masika, ila huku ubaridi. Baraza linaweka kibao cha uzito, mara nyingi tani 8, na magari ya magogo yanasimama wiki kadhaa. Anayepita kwa ujanja usiku anaacha mitaro miwili ambayo greda ya kiangazi ndiyo itakayoiziba.

Skuli: ya msingi ya darasa la 1 hadi la 9 ni mali ya vald. Volikogu ikitaka kuifunga lazima iwaarifu watu si chini ya miezi 5 kabla ya mwaka wa masomo kuanza, kwa hiyo ugomvi wa skuli unawaka Februari na Machi. Wakati wa kuunganishwa mabaraza yaliandikiana mkataba, ühinemisleping, wenye ahadi kama "skuli hii itabaki". Soma tarehe ya mwisho ya mkataba kabla hujashangilia. Kwa kawaida ulikuwa unaishi hadi uchaguzi uliofuata, yaani Oktoba 2021, isipokuwa waliandika muda mrefu zaidi. Baada ya hapo ahadi ni maneno ya heshima.

Wazee nao wamo. Tangu 1 Julai 2023 vald inalipa sehemu ya uangalizi kwenye gharama za nyumba ya wazee, mkaazi analipa malazi na chakula. Vald yenye watu 700 na wazee wengi ingeibeba vipi hiyo? Hapa mageuzi nayaunga mkono.

---

Mjongowe

Naongeza kwa Chwaka. Msije mkaandika kuwa mageuzi yalikuwa ya kubana matumizi. Lengo lililoandikwa lilikuwa uwezo: baraza liwe na ofisa wa kila fani. Anayetafuta fedha zilizookolewa atapekua bajeti bila kuziona na atasema mageuzi yamefeli, kumbe anapima kwa kibaba kisichokuwa chake.

Na umbali uwekwe kwa haki. Saaremaa vald ina zaidi ya kilomita za mraba 2,700 na watu kama 31,000. Pemba yote haifiki kilomita za mraba 1,000, ina watu 543,441 na wilaya nne. Kutoka upande wa Pöide hadi Kuressaare ni kama kilomita 50. Ndiyo maana vald iliacha vituo vya huduma, teenuskeskus, kwenye makao ya zamani kama Orissaare, jirani na kijiji chako. Ofisa wa kituo anapokea maombi, haamui. Mtu akitoka amekasirika kwa sababu "wamesema watanipigia", hiyo ndiyo sababu yake.

---

Maalim_Kiuyu

Limebaki la külavanem, na hapa ndipo ulinganisho wako unapoweza kuwa na ladha.

Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa Sheria namba 8 ya 2014 ya Tawala za Mikoa. Analeta serikali kwa watu. Külavanem anachaguliwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa utaratibu uliowekwa na kanuni ya volikogu, na anapeleka maneno ya watu kwa serikali. Kwa kawaida hana mshahara, hana ofisi, haamui mgogoro wa mpaka, haandiki barua ya utambulisho. Kijiji kinaweza kukaa bila külavanem na hakuna sheria iliyovunjwa. Huku kwetu shehia bila sheha ni ofisi iliyofungwa.

Nguvu yake inatoka kwingine. Kijiji kinachojua kazi kinaanzisha jumuiya isiyo ya faida, MTÜ. Waanzilishi wawili wanatosha. MTÜ inaweza kumiliki jengo, kufungua akaunti, kusaini mkataba na vald na kuomba fedha za miradi, kama za LEADER za Umoja wa Ulaya. Küla haiwezi hata moja katika hayo. Kwa hiyo külavanem mjanja ndiye huyo huyo mwenyekiti wa MTÜ. Matatizo yanajulikana: fedha za mradi zinakuja baada ya kazi kufanywa na risiti kuonyeshwa, kwa hiyo jumuiya isiyo na akiba inakopa au inakwama. Na vald ikiikabidhi MTÜ ukumbi wa kijiji "bure", imeikabidhi pia bili ya kupasha moto ukumbi huo kipupwe kizima.

Kisiwa cha jirani, Hiiumaa, kilichagua njia nyingine. Vald nne ziliungana ikawa moja, lakini ndani yake pakawekwa osavald, yaani sehemu za vald, tano: Emmaste, Kõrgessaare, Käina, Kärdla na Pühalepa. Ungelinganisha Saaremaa na Hiiumaa ungepata mada nzuri kuliko Saaremaa na Konde. Na Setomaa, kusini mashariki, ilipita chini ya 5,000 kwa upenyo wa utamaduni wake. Baadhi ya vijiji vya Misso vald vikaingia huko na vilivyobaki vikaenda Rõuge. Yaani vijiji vya vald moja viligawanywa kwa mipaka ya nasaba na desturi.

(Torgu iliyotajwa juu iliwahi kujitangaza ufalme kwa mzaha mwaka 1992, baada ya kusahauliwa kwenye orodha ya rasimu ya katiba. Usiitie kwenye kazi, ila mwalimu akichoka msimulie.)

---

Bint_Konde

Ahsanteni sana. Nimefuta jadweli, nalinganisha sheha na külavanem pekee. Kanuni ya külavanem wa Saaremaa naipata wapi, na nitajuaje kama ninayosoma ndiyo inayotumika?

---

Karafuu_Kavu

Riigi Teataja, gazeti lao la serikali, lipo mtandaoni bila malipo, na kanuni za mabaraza zimo pamoja na sheria za Bunge. Kwenye sehemu ya kutafutia chagua kanuni za serikali za mitaa, andika "külavanem", kisha mtoaji "Saaremaa Vallavolikogu". Kila kanuni ina tarehe ya kuanza na ya kumalizika kutumika juu kabisa. Kama ya kumalizika imeshapita, tafuta toleo linalofuata. Ukiona mtoaji ni "Pöide Vallavolikogu", hiyo ni ya baraza lililokufa. Baadhi ziliendelea kutumika katika eneo lake la zamani mpaka vald mpya ilipotunga zake, kwa hiyo usiitupe kabla hujaangalia kama imefutwa na kwa kanuni gani. Tafsiri ya mashine ya Kiestonia inaivuruga "vald", mara inaiita wilaya, mara parokia. Iache "vald" hivyo hivyo kwenye karatasi yako.